Fahali Akikuzoea, Ndipo Uogope

Mwishoni mwa Januari 2024 ilitoka habari ya huzuni kutoka Malinya, kaunti ya Kakamega, magharibi mwa Kenya. Seneta Boni Khalwale, anayejulikana nchi nzima kwa mapenzi yake ya mafahali wa kupigana, alitangaza kwamba fahali wake aitwaye Inasio amemuua mtunzaji wake. Marehemu hakuwa mgeni wa ng'ombe hao. Alikuwa ameifanya kazi hiyo pale nyumbani kwa miaka mingi. Khalwale akamuua fahali yule kwa mkuki, kufuata mila ya kwao.

Huenda ukasema, ndugu msomaji, kwamba hayo ni ya Waluhya na mchezo wao, sisi yanatuhusu nini? Huku Kyela, kusini mwa Tanzania, hatupiganishi mafahali. Hilo ni kweli, lakini mafahali tunao. Tunao katika vijiji vya mpunga, tunao Matema, na mwambao huu wa Ziwa Nyasa hadi Ikombe haukosi mtu mwenye ndama dume nyuma ya nyumba. Na siku hizi anayemkatia majani, anayemchotea maji na kumzolea samadi mara nyingi ni mama wa nyumba hiyo, pengine akiwa na mtoto mgongoni. Kwa hiyo naomba tulisome tukio la Malinya kama linalotuhusu, maana lililompata mtu mzoefu linaweza kunipata mimi na wewe.

Zamani kazi ya ng'ombe katika nchi yetu hii ya Wanyakyusa ilikuwa ya wanaume na wavulana. Watoto wa kiume walichunga ng'ombe wa baba zao kwa makundi, na jioni ng'ombe walirudi kulala ndani ya nyumba pamoja na wenyewe. Ndama dume alikulia kati ya ng'ombe wenzake. Alipojitia ubabe, madume wakubwa walimtia adabu kwa pembe, naye akajifunza mapema nani mkubwa wake. Malisho yalipopungua na ng'ombe wa kisasa walipoingia, ufugaji ukahamia bandani. Sasa ndama dume hukua peke yake. Ananyweshwa maziwa kwa ndoo, analishwa mabingobingo na pumba za mpunga kwa mkono wa mtu, hana mwenzake wa kusukumana naye. Anayemwona kutwa kucha ni mama.

Hapa ndipo hatari inapoanza, nayo imechunguzwa kitaalamu. Mwaka 1990 watafiti Price na Wallach walieleza matokeo ya ndama dume wa aina ya Hereford waliolelewa kwa mkono. Waliowekwa kila mmoja peke yake tangu siku za kwanza, asilimia 75 walikuja kuwatishia watunzaji wao. Waliolelewa kwa mkono lakini katika kundi, waliofanya hivyo walikuwa asilimia 11 tu. Wote walishikwa na watu. Kilichowatofautisha ni kwamba wa kwanza hawakupata nafasi ya kujua kwamba wao ni ng'ombe. Dume wa namna hiyo akibalehe na kutaka kupima nguvu na dume mwenzake, dume mwenzake anayemjua ni wewe.

Dalili ya mvua ni mawingu, na fahali hukusanya mawingu muda mrefu kabla ya kunyesha. Shida yetu ni kwamba dalili zake za kwanza zinafurahisha. Ndama wa miezi michache anakuja mbio ukimwita, anaweka paji la uso kwenye paja lako na kusukuma. Watoto wanacheka. Wanashikana naye vichwa, wanamkuna katikati ya pembe zinazochipua, naye anasukuma zaidi. Jirani anasema, "Huyu ng'ombe wako kama mtu!" Hakuna anayeona kwamba mtoto anamfundisha fahali mchezo ambao baada ya mwaka mmoja hakuna binadamu atakayeuweza.

Dalili ya pili huja akikaribia mwaka mmoja na nusu au miwili. Unaingia bandani na majani kama kawaida, lakini hasogei. Anasimama ubavu, akikuonyesha urefu wote wa mwili wake, mgongo umenyanyuka na shingo imekazwa. Wengi wetu tunampiga kofi la mgongoni na kumwambia, "Hebu sogea." Tunadhani ni ukaidi. Kwa lugha ya mafahali, amekwisha kukutangazia vita: anakuonyesha ukubwa wake ili uchague kukimbia au kupigana.

Ya tatu ni kichwa. Anakiinamisha, anakitikisa, macho yanakutumbulia, anaparua ardhi kwa kwato na kujirushia vumbi mgongoni. Anasugua shingo chini, anachimba kichuguu kwa pembe, ananguruma kwa sauti nzito mtu yeyote akipita nje. Kufikia hapo onyo limekwisha kutolewa. Lakini mara nyingi husikia watu wakijibu: "Ananijua huyu, nimemlea mwenyewe." Sentensi hiyo naiogopa kuliko pembe zenyewe. Tena mwenye dume asiye na pembe asijifariji. Fahali wa kisasa aliyekomaa anaweza kukaribia uzito wa tani moja, na huua kwa kukubana ukutani au kukuangusha na kukukandamiza kwa kichwa.

Nilitaka kujua wanaoishi kwa kazi ya mafahali wakali wanafanyaje. Kule Marekani, hasa Texas na Oklahoma, kuna familia ambazo kazi yao ni kufuga mafahali wa rodeo, mchezo ambao mpandaji hutakiwa kukaa mgongoni kwa sekunde 8. Wamo wanawake wanaoifanya kazi hiyo maisha yao yote: wanajua ukoo wa kila fahali, wanaamka kulisha alfajiri, wanachagua dume yupi apandishwe na yupi auzwe. Fahali kijana hujaribiwa kwanza akiwa na kisanduku chepesi kilichofungwa mgongoni, si mtu. Wanamhamisha kwa mageti na vijia vya chuma, wao wakiwa upande wa pili wa nondo au juu ya farasi. Wanampenda fahali wao na kumpa jina, lakini mapenzi hayo hayawafanyi waondoe uzio.

Hata huko, dalili zikipuuzwa, gharama ni kubwa. Alikuwapo fahali aliyeitwa Bodacious, mwenye uzito wa kilo zipatazo 860, aliyewaangusha wapandaji 127 kati ya 135. Alikuwa na mbinu yake iliyoonekana na wote: alirusha miguu ya nyuma juu hadi mpandaji akainamia mbele, kisha akainua kichwa ghafla na kumpiga usoni. Oktoba 1995 alimvunja vibaya mifupa ya uso Tuff Hedeman, aliyekuwa bingwa wa dunia. Desemba mwaka huohuo, katika fainali za taifa huko Las Vegas, Hedeman alipangiwa tena fahali yuleyule. Akakataa kumpanda. Akaacha alama na fedha zipite, akatoka mzima. Katika mashindano hayohayo mpandaji mwingine, Scott Breding, alikubali, akavaa kinga ya uso. Kinga haikumsaidia, naye alivunjwa usoni. Baada ya hapo mwenye fahali, Sammy Andrews, akamwondoa Bodacious katika mashindano.

Watu hao wawili walipewa onyo lilelile. Mmoja alilisikia, mwingine alitafuta namna ya kuendelea licha ya onyo. Sisi wafugaji wadogo nasi tuna kinga zetu za uongo: fimbo mkononi, kamba iliyochakaa shingoni, na imani kwamba aliyekula mkononi mwangu hatanigeuka.

Nawasihi basi, hasa akina mama wenzetu wa mwambao huu. Kama ndama dume si wa mbegu, mwite mtaalamu wa mifugo amhasi mapema kwa koleo la burdizo, kabla ukali haujaanza. Maksai atakulimia shamba la mpunga na bado atauzika kwa bei nzuri. Kama unachohitaji ni mimba kwa ng'ombe wako, uliza kuhusu uhimilishaji. Mbegu za madume bora hutoka Kituo cha Taifa cha Uhimilishaji, NAIC, kilichopo Usa River mkoani Arusha. Ukiweza kuzipata kwa afisa mifugo wako, hutahitaji kuishi na fahali kabisa.

Na ikibidi umfuge, mfuge kama fahali. Ndama alelewe na ndama wenzake. Watoto wakatazwe kusukumana naye vichwa, hata akiwa mdogo kiasi gani. Avalishwe pete ya pua na mtu anayejua kazi hiyo. Hori la chakula na ndoo ya maji vikae mahali unapoweza kuvijaza ukiwa nje ya banda. Banda liwe na sehemu mbili, ili umfungie upande mmoja unaposafisha mwingine, na liwe na upenyo ambao mtu anapita lakini ng'ombe hapiti. Usiingie peke yako, na usiingie ukiwa na mtoto mgongoni. Akikusimamia ubavu, usimpe mgongo wala usikimbie. Rudi nyuma taratibu huku ukimtazama, hadi utoke.

Tukumbuke pia tunaishi wapi. Ikombe imebanwa kati ya milima ya Livingstone na ziwa, na kwa vizazi njia yake kubwa imekuwa maji. Aliyevunjwa mbavu na fahali asubuhi, wakati ziwa limechafuka, hospitali ya Matema iko mbali naye kuliko ramani inavyoonyesha. Mahali kama hapa, kuzuia ndiyo tiba tuliyo na uhakika nayo.

Najua dume ni mali. Ni ada ya shule, ni mahari, ni heshima ya nyumba, na ni vigumu kumuuza mnyama uliyemnywesha maziwa kwa ndoo. Lakini dume aliyekwisha kukuinamishia kichwa mara moja hapaswi kupewa nafasi ya pili. Muuze kwa ajili ya nyama wiki hiyohiyo, tena usimwuzie jirani akamfuge bila kumwambia ukweli. Fedha yake itanunua ndama mwingine. Mama wa nyumba hana mbadala.