Lubugo na Sanda

Je, yafaa mtu achore picha juu ya kitambaa wanachozikiwa watu? Swali hili lilinikaa rohoni mwaka 2021, nilipokwenda Royal Academy hapa London kuyatazama maonyesho ya Michael Armitage yaliyoitwa Paradise Edict. Mimi ni mwosha maiti. Akifa mwanamke katika jamaa zetu huitwa mimi, na nguo tano za sanda yake nazikata kwa mikono yangu: shuka ya kiunoni, kanzu, mtandio, na shuka mbili za kumzungushia.

Armitage, mzaliwa wa Nairobi, hachori kwenye turubai. Anachora kwenye lubugo, nguo ya gome ambayo kwanza aliikuta katika soko la watalii Nairobi, imekatwa vipande vya kutandika mezani. Kwa Waganda lubugo ni kitu kingine kabisa. Gome la mti wa mutuba huambuliwa wakati wa mvua, na shina lililobaki wazi huvikwa majani ya mgomba lipone na kuota gome jipya. Kisha gome lililoambuliwa hupondwa kwa nyundo za mti zenye mifereji mpaka liwe pana na laini, likaanikwa juani likageuka rangi ya udongo mwekundu. Ndilo wanalofungiwa wafu. Kasubi, walikozikwa makabaka wanne, wafalme wa Buganda, pazia la lubugo ndilo linalowatenga waliolala na sisi tunaokuja kutazama.

Nilitaka kukasirika, lakini historia ilinizuia. Zamani lubugo ilikuwa vazi la kila siku. Misafara ya pwani ilipofika Buganda katika miaka ya 1840, enzi za Kabaka Suna, ilipeleka merikani na vitambaa vingine vya pamba, na kidogo kidogo gome likaachiwa makaburi na sherehe. Basi sisi watu wa pwani tumo katika habari hii. Na sanda yangu je? Ni bafta ya dukani. Jora lile lile lingeshonwa mapazia. Inakuwa sanda kwa nia, na kwa yule anayevishwa. Gome ambalo halijamfunika maiti halina wa kudhulumiwa. Nikaridhika, kwa upande wa hukumu.

Macho yalidai zaidi. Nilisogelea picha moja mpaka mlinzi akanitazama. Rangi ya mafuta imepakwa nyembamba, mahali pengine imekwanguliwa, hata nyuzi za gome zinaonekana chini yake. Penye tundu, tundu limeachwa. Mshono wa kuungia vipande unapita katikati ya mwili wa mtu, nao haukufichwa. Mkono huu mwepesi naujua. Maiti haogeshwi kwa kukandamizwa. Tumbo hupitishwa kiganja polepole, maji ya karafuu maiti humiminwa mwisho, na yote hayo hufanyika chini ya shuka, bila kumfunua. Wepesi ninaousema si kukosa uzito. Ni kukubali kwamba kilichokuwapo kabla yako kina haki ya kubaki kilivyo, nawe unapita juu yake kwa adabu. Wachoraji wengi wangelisawazisha gome lile kwanza.

Ila iko picha yake ya mwaka 2015, #mydressmychoice, niliyoiona kitabuni, na hapo tunaachana. Inahusu wanawake waliovuliwa nguo hadharani Nairobi mwaka 2014 kwa kisingizio cha mavazi yao. Mwanamke amelala uchi, na miguu ya wanaume imemzunguka. Najua anawashitaki wanaume wale, na pengine sisi watazamaji pia, kwa kuwa tumesimama pale pale waliposimama wao. Ni shitaka la haki. Lakini sheria ya mwosha ni kusitiri: aliyoyaona mwilini hayatoki naye mlangoni. Wanaume wale walimvua mara moja. Picha inamweka katika hali hiyo kila anapotazamwa.

Nimelipima jambo hili kwa muda mrefu na sijabadili kauli. Nguo ya kumfunika ilikuwapo, mikononi mwa mchoraji, nguo yenye heshima kuliko zote katika nchi ilikotoka. Aliitandika chini yake. Ningetaka sehemu yake, hata upana wa mtandio tu, ipite juu.