Dawa na Mkono Ulioitoa

Katika darasa la Biblia huku Piyaya, mzee mmoja alituuliza: "Baba Mchungaji, dawa ikitoka kwa mtu mbaya nami nikapona, nimshukuru nani?" Tulijibu upesi kwamba ashukuriwe Mungu. Jibu lilikuwa sahihi, lakini mzee hakuridhika, na tulipofika nyumbani hata sisi hatukuridhika.

Tulikuwa tukizungumza juu ya malale. Tunaishi jirani na Serengeti, na ndorobo hajui mpaka wa hifadhi. Kwa miaka mingi malale ya upande huu wa Afrika, kabla hayajaingia kwenye ubongo, yametibiwa kwa suramini. Dawa hiyo ilitengenezwa mwaka 1916 na wanakemia wa Bayer, kampuni ya Kijerumani iliyoongozwa na Carl Duisberg. Waliificha kanuni yake mpaka Mfaransa Fourneau alipoifumbua mwaka 1924. Wapo hata Wajerumani waliotaka dunia iilipie dawa hiyo kwa kuwarudishia makoloni, na Tanganyika ilikuwa mojawapo.

Duisberg mwenyewe alikuwa mwanakemia. Alizaliwa mwaka 1861 huko Barmen, mji ambamo mwaka 1934 Wakristo wa Kiprotestanti walitangaza kwamba Kanisa lina Bwana mmoja tu, Yesu Kristo. Aliingia Bayer akiwa kijana, akavumbua rangi za nguo, akapanda cheo hadi kuwa mkurugenzi mkuu mwaka 1912. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza alihimiza utengenezaji wa gesi za sumu. Tena mwaka 1916, mwaka uleule wa dawa ile, alikuwa miongoni mwa wenye viwanda waliodai Wabelgiji waletwe Ujerumani kufanya kazi. Makumi ya maelfu walichukuliwa kwa nguvu.

Tumezoea kufundisha kwamba kila kazi halali ni wito wa Mungu, ya mchunga ng'ombe sawa na ya mchungaji wa usharika. Basi wito wa mtu huyu uliharibika siku gani? Hatuoni siku. Tunaona umbali. Alipokuwa maabara alishika chupa kwa mkono wake, na ikipasuka yeye ndiye aliyeungua. Alipokuwa mkurugenzi alitia sahihi, na aliyeungua alikuwa mbali. Huku kwetu mwenye ng'ombe wachache anamjua kila mmoja kwa rangi na kwa mama yake. Mwenye mamia huajiri kijana wa kuchunga, na si ajabu asijue kama kijana yule amelala njaa. Mtu ni yuleyule, na Jumapili anakaa benchi lilelile.

Zakayo naye alikuwa mkubwa wa watoza ushuru. Tukihubiri habari zake tunapenda mkuyu, pengine kwa sababu watoto wanaufurahia. Lakini wokovu ulipoingia nyumbani mwake alianza kuhesabu aliowadhulumu, mtu mmoja mmoja, awarudishie mara nne. Ule umbali aliuvuka kwa miguu yake.

Tulipomweleza mzee haya alisikiliza mpaka mwisho, kisha akatazama juu, kwenye mabati ya kanisa. Yalinunuliwa kwa mchango mkubwa wa mtu mmoja. Tulimwombea baraka madhabahuni, wala hatukuuliza fedha zimetoka wapi.

"Na haya?" akauliza.

Tumeliweka jambo hilo kwenye ajenda ya Baraza la Wazee.