Tunapiga kura kwa haki au kwa kisasi?

Kila msimu wa uchaguzi unapokaribia hapa Mombasa, mjadala mmoja hurudi barazani na hata nje ya misikiti baada ya swala. Je, Muislamu anaruhusika kumchagua mgombea kwa kuangalia jinsi yeye mwenyewe alivyobaguliwa? Wapo ndugu zetu, tena wasomi, wanaosema hapana: kura ni ya maslahi ya nchi, si ya kumfuta mtu machozi. Kwangu mimi maneno hayo ni mepesi kinywani mwa asiyewahi kuulizwa babu yake alizaliwa wapi.

Mimi nimeulizwa. Mwaka 2008, nilipotimiza miaka 18, niliomba kitambulisho pamoja na rafiki yangu wa darasani, kijana wa Kikristo ambaye wazazi wake walitoka bara. Yeye alipeleka cheti cha kuzaliwa na nakala ya kitambulisho cha baba yake, akapata chake baada ya wiki kadhaa. Mimi nilipeleka hayo hayo nikatakiwa kuleta na vyeti vya babu, kisha nikaitwa mbele ya kamati kupigwa msasa. Mzee mmoja akaniamuru niimbe wimbo wa taifa. Niliuimba mpaka ubeti wa tatu, ambao nadhani yeye mwenyewe hakuwa akiujua. Kitambulisho kilikuja baada ya mwaka na miezi minne, na muda wote huo sikuweza kufungua akaunti ya benki wala kujiandikisha kupiga kura.

Sasa mtu huyu aambiwe asahau hayo akiingia katika chumba cha kupigia kura? Marehemu Mufti Muhammad Shafi wa Pakistan aliifananisha kura na shahada, yaani ushahidi. Na shahidi, ndugu msomaji, husema alichokiona. Aliyepigwa msasa anajua jambo ambalo mwenzake hakulijua: kwamba Kifungu cha 27 cha Katiba, kinachokataza ubaguzi wa dini na kabila, kinaweza kuwa kizuri kitabuni na kikafia dirishani kwa karani. Basi akimuuliza mgombea habari za vitambulisho kabla ya kumuuliza habari za barabara, hajafanya ubinafsi.

Lakini shahidi ana masharti. Katika aya ya 8 ya Suratul Maida, Allah (S.W.) anatuonya kwamba kuwachukia watu kusitufanye tukaacha uadilifu. Hapa ndipo penye kazi, na hapa ndipo wanasiasa wetu wanapotuchezea.

Mgombea hupanda jukwaani akasema wabara wamejaza kazi za Pwani, warudi kwao. Tazama wanaopiga makofi. Wengi ni vijana wale wale waliosumbuliwa kwa majina yao! Aliyeulizwa "babu yako alitoka wapi?" leo anataka kumuuliza hivyo hivyo jirani yake aliyezaliwa Likoni. Na sisi wa Pwani hatuna udhuru wa kutojua maneno hayo huzaa nini. Agosti 1997, miezi michache kabla ya uchaguzi, watu wa bara waliuawa Likoni na maelfu wakakimbia makazi yao. Wengine hawakurudi tena.

Kuna jambo jingine ambalo hatulisemi vya kutosha. Tarehe 4 Agosti 2010 Katiba mpya ilipopigiwa kura, viongozi wengi wa makanisa waliwahimiza waumini wao kuikataa, na moja ya sababu zao ilikuwa Mahakama ya Kadhi. Ilipita kwa takriban asilimia 67. Waislamu katika Kenya ni wachache mno kufikisha idadi hiyo. Maana yake ni kwamba mamilioni ya Wakristo, ambao hakuna aliyewahi kuwauliza babu zao, waliikubali Katiba yenye Mahakama ya Kadhi ndani yake. Chuki ya jumla dhidi yao itasimama juu ya msingi gani?

Tuwatazame pia Wamakonde wa Kwale, ambao wazee wao walitoka Msumbiji kufanya kazi mashambani. Miongoni mwao wamo Waislamu na Wakristo. Walikaa miongo mingi bila uraia mpaka walipotembea kwa miguu kuelekea Nairobi mwezi Oktoba 2016. Mlango uliofungwa mbele yao ndio uliofungwa mbele yangu, na haukuwa na dini moja.

Februari 2025 Rais William Ruto alitangaza akiwa Wajir kwamba msasa wa ziada kwa wakazi wa kaunti za mpakani umeondolewa. Vizuri. Uchaguzi ni Agosti 2027, nao wagombea watapita mitaani kwetu. Mimi nimeandaa maswali mawili. La kwanza, umefanya nini kuhakikisha Ali hasumbuliwi anapoomba kitambulisho? La pili, Mutua aliyezaliwa Likoni akiomba kazi ya kaunti, utamwambia nini? Anayejibu la kwanza kwa sauti kubwa na kulikwepa la pili, kura yangu hana.