Harambee ya Ufa

Mwanzoni mwa 2024, mama mmoja alibisha mlango wetu huku Kayole. Alikuwa na begi mgongoni, na ndani ya begi mashine ya presha, kipimo cha sukari na mzani. Alikuwa mhudumu wa afya ya jamii, mmoja wa wale 100,000 hivi ambao serikali ilianza kuwapa vifaa Septemba 2023. Aliuliza kama kuna mtu mzima angependa kupimwa.

Baba alikuwa amelala. Mimi nilikuwa na makala ya kumaliza kabla ya saa kumi. Nikamwambia, "Mama, sisi tuko sawa. Labda siku nyingine." Akasema, "Haya, mwanangu," akaandika kitu kwenye simu, akaenda mlango unaofuata.

Miezi minne baadaye baba alianguka bafuni. Kiharusi. Daktari alisema presha ilikuwa juu kwa muda mrefu bila yeye kujua.

Kufikia jioni kikundi cha WhatsApp kilikuwa na watu mia moja na kitu. Majirani, watu wa kanisa, shangazi wa Nakuru, hadi wasee niliosoma nao shule ya msingi. Pesa ziliingia: mia mbili, elfu moja, elfu tano. Bado bili ilitushinda, karo yangu ya muhula ikaenda huko, na chuo sikurudi. Hilo nimelikubali. Kinachoninyima usingizi ni swali: mbona wema wote ule ulingoja aanguke kwanza?

Kitu kimoja nilichotoka nacho chuoni ni mfano wa mwanafalsafa Peter Singer. Mwaka 1972 aliandika kwamba ukipita karibu na kidimbwi ukaona mtoto anazama, ni wajibu wako kuingia umtoe, hata ukichafua nguo. Darasa zima tulikubali. Hakuna aliyeuliza ni nani alipaswa kuweka ua kuzunguka kidimbwi. Anayeweka ua hana mtoto wa kutuonyesha. Kiharusi ambacho hakikutokea hakina picha. Kila mtu anajua usipoziba ufa utajenga ukuta, lakini mimi sijawahi kualikwa harambee ya ufa.

Utaniambia kila mtu ajichunge mwenyewe. Sawa, lakini fikiria baba alivyoishi. Mtu wa duka la dawa alijua ananunua Panadol kila wiki. Wenzake wa jua kali walijua anashikwa na kizunguzungu. Mama alijua halali usiku. Mimi nilijua babu alikufa ghafla. Kila mmoja wetu alikuwa na kipande chake, na hakuna aliyeviweka pamoja. Ile ndiyo ilikuwa kazi ya yule mama wa begi: kuunganisha nyumba na kituo cha afya, kabla mambo hayajaharibika. Kazi kubwa hivyo, na posho iliyopangwa ni shilingi 5,000 kwa mwezi, nusu ya serikali kuu, nusu ya kaunti.

Tena kuna woga ambao si ujinga. Ukipatikana na presha, dawa utanunua na nini kila mwezi? Mtu asiye na mshahara anatakiwa kulipa SHA mchango wa mwaka mzima kwa mpigo, si chini ya shilingi 300 kwa kila mwezi. Kwa anayeishi kwa kibarua, kutopimwa ni njia ya kuahirisha habari mbaya. Kwa hivyo siwezi kusema kosa lote ni la baba, wala kwamba lote ni langu. Lakini sehemu yangu naijua. Ilikuwa dakika tano, mlangoni.

Naamini sasa kwamba tuna deni kwa mtu ambaye bado hajaugua, na ni deni gumu kulipa kwa sababu hakuna atakayekuja kukushukuru. Linahitaji kodi, posho inayofika kwa wakati, dawa zilizoko kwenye rafu. Na linahitaji mtu afungue mlango.

Yule mama alirudi mwezi jana. Baba alinyoosha mkono wa kulia, ule mzima. Alipomaliza akanigeukia: "Na wewe?"

Ulimi ulikuwa tayari kusema niko sawa. Nikafunga laptopu, nikakunja mkono wa shati.