Jasho la usiku na swali la uvumilivu

Joto la ghafla na jasho la usiku huwapata wanawake wengi wanapokaribia kukoma hedhi, kwa kawaida kati ya miaka 45 na 55. Homoni ya estrojeni ikishuka, sehemu ya ubongo inayoratibu joto la mwili huwa nyepesi kushtuka: badiliko dogo tu, na mishipa ya ngozi hutanuka, jasho likamwagika. Mahali nako huchangia: Mtowisa, bondeni mwa Ziwa Rukwa, haipati baridi ya Sumbawanga mjini. Usiku wenyewe una fukuto, na chandarua hulizidisha.

Je, jambo la maumbile livumiliwe tu? Wapo wanaosema ndiyo, Mungu ndivyo alivyopanga. Kinyume chao, daktari wa Marekani Robert Wilson aliandika mwaka 1966 kwamba ukomo wa hedhi ni upungufu wa kutibiwa. Huko nako ni kupitiliza. Mwanaanthropolojia Kristen Hawkes na wenzake, walipochunguza Wahadzabe wa Ziwa Eyasi, waliwakuta mabibi waliopita umri wa kuzaa wakichimba mizizi kwa bidii na kuwalisha wajukuu. Umri huo, basi, si hitilafu. Lakini kutokuwa hitilafu hakuondoi adha. Kuzaa nako ni maumbile, na hakuna anayemnyima mjamzito mkunga.

Ukatoliki umeota mizizi Ufipa, eneo la Sumbawanga, tangu enzi za wamisionari wa Mapadri Weupe, waliokabidhiwa ngome ya Karema na Wabelgiji mwaka 1885. Mafundisho yake hayamlazimishi mtu kuteseka: mwaka 1957 Papa Pius XII aliwaeleza madaktari kwamba Mkristo anaweza kukubali dawa ya kutuliza maumivu. Uislamu nao unahimiza tiba, na Sura An-Nur, aya ya 60, inawaruhusu wanawake wazee wasiotarajia kuolewa kupunguza mavazi ya nje bila kujishaua. Anayechagua kuvumilia kwa imani yake ana haki hiyo. Mume au mkwe hana haki ya kumchagulia.

Nafuu huanzia nyumbani: kanga nyepesi ya pamba, maji karibu na kitanda, dirisha lenye wavu, kupunguza pombe au kuiacha. Hali ikizidi, daktari anaweza kutoa homoni, baada ya kuuliza kuhusu saratani ya matiti na damu kuganda. Zipo pia dawa zisizo za homoni. Lakini si kila jasho la usiku ni la umri. Likiambatana na kikohozi cha wiki mbili au kukonda, makohozi yapimwe kifua kikuu. Likija na homa, ipimwe malaria kwanza.