Mgonjwa Haulizwi Uji

Wanaoitumia methali hii aghalabu huwa hawazungumzii mgonjwa wala uji. Jirani amefiwa, watu wanafika na mchele, sukari na kuni bila kumpigia simu kwanza. Ndugu amesimamishwa kazi, mtu anakwenda shuleni kulipa ada ya mtoto kisha ananyamaza. Mwenye shida ukimuuliza kama ana shida, unamtwisha mzigo wa pili, wa kukiri unyonge wake mbele yako, na wengi watakujibu, "Hapana, sisi hatujambo." Methali inamwepusha na jibu hilo.

Lakini yuko mgonjwa ambaye kwake methali hii ni kweli neno kwa neno: yule aliyegombana na chakula na mwili wake mwenyewe. Anajinyima mpaka nguo zinamvuka, au anakula kwa kificho kisha anakwenda kujitapisha, au maisha yake yote yamekuwa mzani, kioo na hesabu ya alichokula jana.

Kwetu bado tunasikia kwamba haya ni maradhi ya Wazungu. Fiji nako kulidhaniwa hivyo, visiwa ambako mwili ulionawiri ulikuwa ushahidi kwamba mtu ana watu wanaomtunza. Mwaka 1995 televisheni ilikuwa ndiyo kwanza inaingia katika mkoa wa Nadroga, na watafiti wakiongozwa na Anne Becker waliwahoji wasichana wa shule. Hakuna aliyesema kwamba hujitapisha ili apungue. Mwaka 1998 waliosema hivyo walikuwa asilimia 11.3. Sisi leo tuna simu mkononi kutwa kucha, na juu yake tuna mazoea ya kumsalimu mtu kwa mwili wake: "Eh, umenenepa!" "Mbona umekwisha hivyo?" Tunasema kwa mapenzi, lakini kwa binti aliyekwisha kuuchukia mwili wake, salamu zote mbili ni sumu.

Sasa kwa nini asiulizwe? Kwa sababu njaa ya muda mrefu huiteka akili. Katika Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, mwaka 1944 na 1945, Ancel Keys na wenzake waliwachunguza wanaume 36 wenye afya njema waliojitolea. Kwa miezi 6 walilishwa takriban kalori 1,570 kwa siku, wakapungua karibu robo ya uzito wao. Hao hawakuwa na ugomvi wowote na miili yao walipoanza. Hata hivyo wakawa watu wa kulamba sahani, kuchezea mlo mmoja muda mrefu, kuongeza maji ili chakula kionekane kingi, na kusoma vitabu vya mapishi kama riwaya. Wakawa wazito wa moyo, wepesi wa hasira, hawataki watu. Hata walipoanza kulishwa tena, baadhi yao walikula kupita kiasi na bado wakasema wana njaa. Mengi tunayoyaita ukaidi, kiburi au ulafi wa mgonjwa huyu ni kazi ya njaa yenyewe. Kwa hiyo ukimuuliza "utakula?", anayejibu si yeye peke yake. Ugonjwa nao unajibu, na mara nyingi ndio wenye sauti kubwa. Kungoja hamu irudi ndipo ale ni kugeuza mambo. Kwa wagonjwa wengi chakula hutangulia, na hamu hufuata nyuma sana.

Madaktari wa hospitali ya Maudsley, London, walijenga tiba nzima juu ya busara inayofanana na hii katika miaka ya 1980. Kijana mwenye anoreksia, yaani ugonjwa wa kujinyima chakula, hakutengwa na wazazi wake wala wazazi hawakulaumiwa. Walikabidhiwa kazi ya kumlisha: wao wapange, wapakue, wakae naye mpaka amalize.

Na hapo ndipo methali inapotaka kusomwa kwa uangalifu, maana imesema haulizwi, haikusema anafokewa. Uji hupikwa, ukakorogwa usishike mabonge, ukaletwa, na aliyeuleta akakaa. Binti atasema, "Mama, nimeshashiba." Atauliza, "Umetia tui humu? Sukari vijiko vingapi?" Mama hana haja ya kujibu hesabu hiyo, wala ya kuapa. "Kunywa mwanangu, niko hapa," inatosha, na kama ni lazima irudiwe mara ishirini, irudiwe kwa sauti ileile. Sinia la pamoja, pamoja na uzuri wake, humsaidia mgonjwa huyu kujificha: anamega tonge dogo, analizungusha kwenye mchuzi, anawasogezea wenzake nyama huku akisimulia habari, na mkutano unaondoka ukiamini amekula. Kwa muda, apakuliwe sahani yake. Na aliyedhoofu sana, anayezimia au moyo wake kwenda ovyo, apelekwe hospitali kwanza. Mwili uliokaa na njaa ndefu ukilishwa ghafla, madini ya damu huweza kushuka kwa kiwango cha hatari.

Mtu mzima anayeishi peke yake hana wa kumletea. Basi awe mgonjwa na awe mleta uji. Asijiulize kama leo anastahili kula, kama jana alizidisha, kama suruali inabana. Saa ikifika, ale, milo mitatu na vitafunio katikati, hata kama tumbo limenyamaza. Hasa ale siku inayofuata ile aliyokula kupita kiasi, kwa sababu kujinyima kama adhabu ndiko kunakomrudisha kwenye kula kwa fujo. Hata mfungo una nafasi ya kutazamwa. Muislamu anajua kwamba aya ya 184 ya Al-Baqara imempa mgonjwa ruhusa ya kula, na maradhi haya ni maradhi. Asione haya kumweleza daktari wake na shekhe wake.

Lakini methali imemtaja mgonjwa, haikumtaja mtu siku zote. Ndugu wengi, naona, hukwama hapa. Binti amepona, uso umejaa, hedhi imerudi, na bado anapakuliwa kama mtoto na kuhesabiwa matonge. Ile tiba ya Maudsley ina hatua ya pili, ya kumrudishia mamlaka yake kidogo kidogo: achague kitafunio, kisha ajipakulie, kisha ale na wenzake bila mlinzi. Huo ndio wakati wa kumuuliza, "Leo tupike nini?" Akitaka wali wa nazi apikiwe, bila kushangiliwa, bila neno lolote kuhusu mwili wake. Na akirudi nyuma, kama wengi wanavyorudi kabla hawajatulia kabisa, uji uanze kuletwa tena, bila kusimangwa kwa yaliyopita.