Akibeba Mmoja, Je, Wengine Tumeachiwa?

Sifa zote njema ni za Allah, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), aali zake na sahaba zake wote.



Katika toleo hili napenda tutafakari swali ambalo sisi tunaosoma mbali na nyumbani hukutana nalo mara nyingi, kisha tukalipita. Swali lenyewe ni hili: mtu wa nyumbani akiumia vibaya, na mmoja katika familia akasimama kumhudumia, je, sisi wengine wajibu umetuondokea? Dua zetu, pesa tunayotuma kwa simu na ziara ya Jumapili, je, vinatosha tuseme kwamba tumemuuguza?

Kwanza nitaeleza lililotukuta sisi, kwa sababu swali hili likibaki hewani ni rahisi mno kulijibu.

Mgonjwa na murwaza wake

Mtoto wa mjomba wangu ana miaka 16 na anasoma sekondari Gisenyi. Wakati wa likizo alikuwa akibeba viazi kwa baiskeli ili apate pesa kidogo ya vifaa vya shule. Anayeijua barabara ya kutoka Musanze anajua inavyoteremka ikikaribia mji na ziwa, na anajua baiskeli iliyopakiwa magunia inavyokimbia pale. Breki zikakatika. Mfupa wa paja ukavunjika, na nyonga ikapata ufa. Madaktari wakauvuta mguu kwa uzito, wakasema atalala chali hivyo kwa muda wa wiki sita hivi, kisha magongo, kisha miezi ya mazoezi ya viungo. Tulimshukuru Allah kwamba kichwa kilikuwa kizima.

Katika hospitali zetu, na nyingi za Afrika Mashariki, muuguzi hutoa dawa, hufunga kidonda na hufuatilia hali ya mgonjwa. Lakini kumlisha, kumwogesha, kumpa chombo cha haja, kufua mashuka na kukesha naye ni kazi ya familia. Kwa Kinyarwanda mtu huyo anaitwa umurwaza, na sisi Waswahili wa huku tumelichukua neno, tunasema murwaza. Halipwi mshahara. Hulala kwenye mkeka kando ya kitanda, na kabla ya alfajiri huwa ameshaanza kutafuta maji ya moto.

Kwa matibabu, mituweli hulipa asilimia 90 ya gharama za hospitali, na familia hutoa 10 iliyobaki. Hii ni neema kubwa, na nchi nyingi hazina. Lakini mituweli hailipi chakula cha murwaza, wala nauli, wala usingizi wake.

Aliyekuwa murwaza ni dada yake, msichana wa miaka 19, aliyekuwa mwaka wa mwisho wa sekondari, mwaka wa mtihani wa taifa. Mama yao ana mtoto mchanga. Baba yao anaendesha lori na hurudi nyumbani mara moja kwa wiki. Hakuna kikao kilichokaa kumchagua binti huyu. Alikuwepo usiku wa kwanza, basi akawa yeye pia usiku wa pili, na usiku wa ishirini.

Wiki ya kwanza kitanda kilizungukwa na watu. Walikuja wajomba, majirani wa Mbugangari, waumini wa msikitini, hata shangazi wa Goma aliyevuka mpaka na sufuria ya wali. Wiki ya pili watu walipungua. Wiki ya tatu binti alibaki peke yake. Kila baada ya saa mbili, usiku na mchana, alikuwa akimnyanyua ndugu yake kidogo na kumsogeza kama alivyoelekezwa na wauguzi, ili asipate vidonda vya kitandani.

Kila aliyefika alimsifu. "Mashaallah, una subira." "Pepo yako hiyo." "Wewe ndiye Ayyub wetu." Walisema kwa nia njema, kisha wakaaga. Siku moja alimjibu shangazi yetu kwa upole: "Shangazi, nyinyi mnaniombea pepo. Mimi naomba usiku mmoja wa kulala."

Wakati huohuo muuguzi wa zamu aligundua jambo lingine. Kijana alikuwa anakataa kunywa maji kuanzia magharibi. Midomo ilikuwa imekauka, mkojo umekuwa mweusi kama chai. Alipobanwa sana kwa maswali akasema hanywi ili asije akamwamsha dada yake usiku kumwomba chombo. Tena, akasema, anaona haya.

Maana ya kifaya

Hapa ndipo swali letu linapouma. Kila mmoja wetu amefundishwa madrasa kwamba faradhi ni mbili: ya aini, inayomlazimu kila mtu, na ya kifaya, ambayo wakiitekeleza baadhi huwaondokea wengine, na ikiachwa kabisa wote wanapata dhambi. Mfano tunaopewa sikuzote ni sala ya jeneza. Wanazuoni wa fiqhi wameitaja pia kazi ya kumuuguza mgonjwa kuwa ni faradhi ya kifaya: jamaa kwanza, kisha rafiki, kisha jirani, kisha watu wengine.

Sasa mtu husikia hivyo akapumua. Yupo anayefanya, basi mimi nimeondokewa. Lakini tulitazame neno lenyewe. Kifaya maana yake ni kutosheleza. Wajibu hautuondokei kwa sababu mtu mmoja ameanza kazi, unatuondokea pale kazi inapokuwa imetosha. Watu wawili wakilibeba jeneza linalohitaji wanne, likawa linayumba njiani, hakuna atakayekaa barazani akasema faradhi imeshatekelezwa.

Basi tuulize: je, huduma ya kijana yule ilikuwa imetosha? Kwa macho ya mgeni, ndiyo. Shuka ilikuwa safi, chakula kipo, murwaza yupo. Lakini mgonjwa alikuwa anajinyima maji kwa kumhurumia anayemhudumia. Na mhudumu alikuwa anapoteza mwaka wake wa mtihani. Kazi ambayo mmoja anaifanya kwa kuvunjika, na mwingine anaipokea kwa kujificha kiu, haijatosha. Na kama haijatosha, ilikuwa bado juu ya shingo zetu sote.

Lipo na suala la haya. Kijana wa miaka 16 ni baleghe. Sehemu ya kati ya kitovu na magoti ni uchi wake, hata mbele ya dada yake. Dharura huruhusu, na hakuna anayemlaumu binti yule kwa hata tone moja. Lakini dharura ni pale ambapo hakuna mwingine. Katika mji uleule walikuwepo kaka wawili na wajomba watatu, wazima wa afya. Tunaposema "kuuguza ni kazi ya wanawake", tunaigeuza mila kuwa dharura, kisha tunaitumia dharura hiyo kuvunja sitara ya kijana wetu.

Mifano ya waliotangulia

Anayeona kwamba kuuguza ni kazi ndogo isiyowafaa wanaume, na amkumbuke Sayyidna Uthman bin Affan (r.a.). Mwaka wa 2 Hijria Waislamu walipotoka kwenda Badri, mkewe Ruqayya, binti wa Mtume (s.a.w.), alikuwa mgonjwa. Mtume alimwamuru Uthman abaki Madina amuuguze. Ruqayya alifariki katika siku hizo. Na Mtume aliporudi alimpa Uthman fungu la ngawira kama waliopigana, na akamhesabia malipo yao. Badri ndiyo siku kubwa kuliko zote za sahaba, na mtu aliyekuwa kando ya kitanda cha mgonjwa aliandikwa kuwa alikuwepo.

Mfano wa pili ni wa Sayyidna Saad bin Muadh (r.a.). Katika vita vya Khandaq, mwaka wa 5 Hijria, mshale ulimkata mshipa wa mkono. Mtume (s.a.w.) alimwekea hema ndani ya msikiti ili awe karibu naye na amzuru kila mara. Wanahistoria wa sira wanamtaja Rufaida, mwanamke wa Madina, kuwa ndiye aliyekuwa akiwatibu majeruhi katika hema hilo. Rufaida alikuwa na ujuzi wake, lakini hakuachwa nao pembeni. Majeruhi aliwekwa katikati ya watu, mahali ambapo kila anayeingia kusali atamwona.

Na hapa kwetu Rwanda wazee walikuwa na ingobyi. Mgonjwa aliwekwa kwenye machela ya kusukwa, wanaume wanne wakaipandisha mabegani, na wengine wakatembea kando yao wakisubiri. Bega likichoka, lilipokewa njiani bila machela kushushwa chini. Milimani walikuwepo watu waliojiunga katika vyama kwa kazi hiyo tu. Huko hapakuwa na mbebaji mmoja wa kumsifu kwa subira, kwa sababu kila mtu alijua mwili wa mtu mzima haubebwi na bega moja hadi hospitali.

Majibu ya wanaopinga

Nimezungumza na watu kuhusu jambo hili, na wana hoja zenye uzito.

Mmoja aliniambia: "Sisi wanaume tunatafuta pesa. Asilimia 10 ile nani angeilipa?" Ni kweli. Pesa ni fungu, na anayeitoa kwa halali ana ujira wake. Lakini pesa hununua dawa, haimgeuzi mgonjwa saa nane za usiku. Na mjomba anayefunga duka saa kumi na mbili jioni anao usiku mmoja kwa wiki.

Wa pili akasema: "Ukimpangia mtu zamu ya kumpenda ndugu yake, umeyaua mapenzi." Nami nikamjibu: Sala tunayoipenda ina saa zake, na hakuna aliyesema saa zimeiua. Mapenzi yasiyo na saa ndiyo yaliyojaa wiki ya kwanza na kukauka wiki ya tatu. Watu wa Rubavu tunalijua hili. Mto Sebeya ulipofurika Mei 2023, na makombora ya vita vya Goma yalipoangukia upande wetu Januari 2025, watu walikimbilia majeruhi kwa moyo mmoja. Lakini mfupa hauungi kwa haraka ya huruma yetu. Una wiki zake, na hizo ndizo zinazohitaji mtu.

Hoja ya tatu ndiyo nzito zaidi: "Binti anapata thawabu, kwa nini umpunguzie?" Imamul Haramain al-Juwayni, aliyefariki mwaka 478 Hijria, aliona kwamba anayetekeleza faradhi ya kifaya ana daraja kubwa, kwa kuwa anawaokoa na wengine wasipate dhambi. Basi daraja lake ni kubwa kweli. Lakini subira ni ibada ya mwenye kuumia, nayo haigeuki kuwa ruhusa ya anayetazama. Siwezi kuichukua subira ya mwenzangu nikaifanya mto wangu wa kulalia. Tukimsimulia Nabii Ayyub (a.s.), tukumbuke pia simulizi za mkewe aliyemhudumia miaka ile yote watu walipokimbia. Hakuna anayewataja kwa wema waliokimbia, hata kama waliondoka wakimsifu.

Kilichofanyika, na kinachotupasa

Baada ya maneno ya binti na habari ya maji, shangazi yetu aliita jamaa wote baada ya Isha. Hakutoa hotuba. Alichukua daftari, akachora siku saba, akaandika usiku na mchana, akauliza: "Nani yupo hapa?" Kaka wawili walichukua nyakati za kuoga na usiku nne. Mjomba akachukua Jumatatu. Shangazi wa Goma akachukua mchana wa Jumatano, kwa kuwa mpaka una saa zake za kufungwa. Jirani asiyekuwa Muislamu akaomba Alhamisi, akapewa. Mimi nilipewa Ijumaa na Jumamosi za kila wiki ya pili, nikitoka Kigali kwa basi.

Kijana alianza kunywa maji. Leo anatembea kwa magongo. Dada yake alirudi darasani, lakini amekosa wiki tatu na nusu, na wiki hizo hazina pa kurudishwa. Mtihani wake bado uko mbele. Subira yake imeandikwa inshaallah, na hasara yake pia ipo.

Ndugu zangu, jumuiya yetu ina kawaida nzuri ya kuzuru wagonjwa. Tunaingia wodini kumi kwa pamoja, tunasoma dua, tunaacha matunda na maziwa. Tusiiache. Lakini tuongeze swali moja. Tukishamuuliza mgonjwa anaendeleaje, tumgeukie aliyekaa mkekani tumuulize: "Usiku wa leo nani analala hapa?" Akijibu "mimi", na jana "mimi", na juzi "mimi", basi tujue kifaya bado, na mmoja wetu abaki.

Allah awaponye wagonjwa wetu, awape nguvu wanaowauguza, na atujaalie tuwe miongoni mwa wanaopokea bega kabla ya mwenzao kuanguka. Amin.

Wabillahi tawfiq.